SAFARI YA MIRIHI NA SWALI TULILOLIDHARAU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Kila mwaka tunapoombwa kuandika katika jarida hili la madrasa yetu, huwa tunachagua nasaha ya kuwapa wanafunzi. Mwaka huu tumeona ni bora tuanze kwa kujinasihi sisi wenyewe, kwani mwalimu naye hukosea, na kosa lililofanywa mbele ya watoto halifai kurekebishwa mafichoni.

Ilikuwa ni Ramadhani ya mwaka 2023. Tulikuwa tukisomesha mlango wa swala baada ya Alasiri, jua kali, saumu imekolea, na watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu wamejaa jamvini. Siku hizo habari ilikuwa imeenea kwamba kuna Mwislamu aliye angani, naye ni Sultan Alneyadi kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyekuwa akiishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Binti mmoja wa miaka kumi na moja akanyoosha kidole akasema:

"Ustadh, nimesikia kwenye taarifa ya habari kwamba watu watakwenda mpaka Mirihi. Wakifika huko, wakitaka kuswali wataelekea wapi?"

Tulimjibu hivi: "Wewe Alfajiri ya hapa hapa duniani inakupita, unataka kuswali Mirihi? Kaa chini!"

Darasa zima likaangua kicheko. Binti akakaa, akajifunika uso kwa mtandio wake. Sisi tukaendelea na somo, tena tukijiona tumetoa jibu zuri. Ukweli wenyewe, ndugu msomaji, ni kwamba hatukuwa na jibu. Tulitumia kicheko kuufunika ujinga wetu.

MAMA YAKE ALIPOKUJA

Baada ya Idd binti aliendelea kuja chuoni, lakini hakunyoosha kidole tena. Hatukulitilia maanani jambo hilo mpaka siku moja baada ya Magharibi, mama yake alipokuja akatusubiri mlangoni.

"Ustadh, sikuja kukulaumu," alisema. "Lakini mwanao huyu alikuwa hatuachi kwa maswali nyumbani. Sasa hata babake akimuuliza leo mmesoma nini, humwambia tumesoma tu. Nikamkalisha nikamhoji. Akaniambia, mama, chuoni kuuliza kitu ambacho ustadh hakijui ni dhambi."

Maneno yale yalituchoma. Katika miaka yote ya kusomesha, na stashahada yetu ya masomo ya Kiislamu tuliyoitundika ukutani, hatukuwahi kumfundisha mtoto yeyote kwamba kuuliza ni dhambi. Lakini huyu tulimfundisha, tena kwa sentensi moja.

Usiku ule tulikumbuka utoto wetu. Babu yetu alikuwa mvuvi upande wa Malindi, naye alikuwa akituhadithia kwamba aliwahi kuona moto ukipanda mbinguni kutoka baharini. Tulipomuuliza mwalimu wetu wa wakati huo kama ni kweli binadamu amefika mwezini, tuliambiwa tunyamaze tusikufuru. Tukanyamaza kwa miaka mingi. Kumbe tulichofanyiwa ndicho tulichomfanyia mtoto wa mwenzetu. Ujinga nao hurithiwa kama mali.

TULICHOKIPATA TULIPOTAFUTA

Tukaanza kusoma, na jambo la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa katika Hadithi ambayo tuliwahi kuisoma na hata kuifanyia mtihani. Mtume (S.A.W.) aliwaeleza sahaba zake kwamba zama za Dajjali kutakuwa na siku moja ndefu kama mwaka. Masahaba hawakuuliza kwanza habari za vita wala chakula. Waliuliza juu ya swala: je, siku hiyo itatutosheleza swala za siku moja? Mtume (S.A.W.) hakuwacheka wala hakuwaambia jambo hilo bado halijatokea. Aliwajibu kwamba haitawatosheleza, na akawaelekeza wakadirie nyakati. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na ndiyo ambayo wanavyuoni huitegemea hata kwa wanaoishi karibu na ncha za dunia, ambako jua halizami kwa miezi.

Basi tazameni, wanafunzi wetu. Swali la binti yule lilikuwa la aina ile ile waliyouliza masahaba. Hakuuliza kwa mzaha. Aliuliza namna ya kumwabudu Mola wake mahali pageni.

Ni kweli kwamba wapo wema waliotangulia ambao hawakupenda kuzama katika mambo ambayo hayajatokea. Imepokewa kuwa Zayd bin Thabit (R.A.) alipokuwa akiulizwa jambo, huuliza kwanza kama limekwisha kuwa. Hiyo ni hekima ya kuzuia ubishi. Lakini safari za angani kwa Waislamu zimekwisha kuwa. Mwaka 1985 Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alipanda angani. Mwezi wa Oktoba 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, aliruka kutoka Baikonur nchini Kazakhstan katika siku za mwisho za Ramadhani, na Idd ikamkuta huko juu.

Kabla hajaondoka, wanavyuoni wa Malaysia walikaa wakamwandalia mwongozo wa ibada. Kituo kile huizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama kila baada ya dakika 90. Lau angefuata jua, angeswali swala 80 kwa siku! Wakamwelekeza afuate saa za mahali alipoondokea. Kuhusu kibla, wakasema kwa kadiri ya uwezo wake: aielekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza, upande wa juu ya Al-Kaaba, asipoweza, aielekee dunia, na asipoweza, popote. Kwa hiyo jibu tulilolikosa jamvini lilikuwa limekwisha andikwa zaidi ya miaka kumi na mitano kabla. Sisi ndio tuliokuwa nyuma, wala si binti yule.

HIYO MIRIHI NI MAHALI GANI?

Jina lenyewe la Mirihi limetoka katika Kiarabu, kama Zuhura na Zohali. Wazee wetu waliijua nyota hii nyekundu kabla ya roketi kuwako. Leo tunajua kwamba si nyota bali ni sayari, ndogo kuliko dunia yetu. Siku yake ina urefu wa saa 24 na dakika 39 hivi, na mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Mtu wa kilo 50 hapa atajiona huko kama mwenye kilo 19. Hewa yake ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya mia ya hewa yetu, na karibu yote ni kabonidayoksaidi isiyoweza kuvutwa na binadamu akaishi. Baridi yake kwa wastani ni nyuzi 60 chini ya sifuri.

Umbali wake hubadilika. Sayari hizi mbili zikikaribiana sana huwa baina yao kilomita milioni 55 hivi, na zikiachana hufika milioni 400. Mwezi wetu, ambao watu 12 waliukanyaga baina ya 1969 na 1972, uko umbali wa kilomita 384,000 tu. Ukimtolea salamu mtu aliye Mirihi kwa simu ya upepo, salamu yako itachukua kati ya dakika 3 na 22 kumfikia, na jibu lake muda kama huo kurudi.

Sisi watu wa pwani tunaweza kuifahamu safari hii kuliko wengi. Jahazi kutoka Arabuni lilikuja na kaskazi na likarudi na kusi. Nahodha hakuweza kutweka tanga siku apendayo. Vivyo hivyo chombo cha Mirihi kina msimu wake. Sayari hizi hukaa mkao mzuri wa safari kila baada ya miezi 26. Kwenda ni miezi sita hadi tisa, na wanaofika itawabidi wasubiri msimu wa kurudi, pengine mwaka na nusu. Safari nzima hukaribia miaka mitatu.

Mpaka tunapoandika haya hakuna mtu aliyefika, ila mashine tu. Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na kupiga picha. Mwaka 1976 Viking 1 kikatua. Tarehe 9 Februari 2021 chombo Al-Amal, maana yake Matumaini, kilichotumwa na Umoja wa Falme za Kiarabu, kikaingia katika mzunguko wa Mirihi. Siku chache baadaye, tarehe 18, gari la Marekani lisilo na dereva, Perseverance, likatua likiwa na mtambo mdogo wa kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Mpaka mwaka 2023 mtambo huo ulikuwa umetoa gramu 122 tu. Hizo hazimtoshi mtu mmoja kuvuta kwa siku moja, lakini ulithibitisha kwamba jambo lawezekana.

SIKU TULIYORUDI DARASANI

Tulirudi tukasimama mbele ya watoto wale wale waliocheka. Tukasema: "Ramadhani mwenzenu aliuliza swali la maana, nasi tukamjibu kwa kejeli kwa sababu hatukujua. Tumekosea. Tunamwomba radhi." Darasa likawa kimya. Binti aliinamisha kichwa na hakusema kitu, nasi hatukumlazimisha. Kisha tukawaambia kwamba leo hakuna kushika vitabu. Kila mwenye swali la Mirihi na aulize. Haya ndiyo tuliyoyazungumza.

Kwanza, kibla. Tukawaeleza mwongozo wa Malaysia. Kwa aliye Mirihi, dunia huonekana kama nyota katika anga la jioni au alfajiri. Gari la Curiosity liliipiga picha hiyo mwaka 2014. Basi twaona kwamba ataielekea nyota ile ambayo ndani yake imo Makka, kwa kadiri awezavyo. Tukawakumbusha kwamba katika karne ya 11 Al-Biruni alitumia hesabu na nyota kutafuta mahali pa miji na upande wa kibla. Kutafuta kibla kumewafanya Waislamu wasome anga tangu zamani.

Pili, nyakati. Kwa kuwa siku ya Mirihi inakaribia yetu, jua huchomoza na kuzama, na swala tano zinaingia ndani yake bila taabu kubwa. Hapa palikuwa rahisi kuliko tulivyodhani.

Tatu, twahara. Maji yatakuwa haba. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mitambo inarejesha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo. Watoto wakaguna. Tukawaambia kwamba Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1989 lilijadili maji machafu yaliyosafishwa, likaona kwamba yakisafika hata yasibakie rangi, ladha wala harufu ya najisi, hurudi kuwa twahara. Mmoja akauliza: je, atayamamu kwa vumbi la Mirihi? Tukamweleza kwamba chombo Phoenix mwaka 2008 kiligundua katika udongo wa huko chumvi ziitwazo pakloreti, zenye madhara kwa mwili, na sheria yetu haimwamrishi mtu kujidhuru. Kabla hatujamaliza, kijana wa mstari wa nyuma akasema: "Si achukue kopo la udongo kutoka kwao?" Tulicheka sote, na safari hii kilikuwa kicheko chema, kwani jibu lake lilikuwa la kifakihi hasa.

Nne, Ramadhani. Hapa ndipo binti yule alipozungumza kwa mara ya kwanza. "Ustadh, huko wataandama mwezi gani?" Mirihi ina miezi midogo miwili, Phobos na Deimos. Phobos huizunguka sayari yake zaidi ya mara tatu kwa siku moja, huchomoza magharibi na kuzama mashariki. Tukamwambia: "Mwanangu, sisi twadhani watafuata kalenda ya dunia, lakini yakini yake hatuijui. Wallahu aalam." Akaandika katika daftari lake. Tulipopita tukaona ameandika: Ustadh hajui, nitatafuta.

Imam Malik, Mungu amrehemu, alijulikana kwa kusema "sijui" mbele ya watu waliosafiri masafa marefu kuja kumuuliza, na heshima yake haikupungua. Sisi tulikuwa tukiogopa neno hilo mbele ya watoto waliokaa jamvini.

KWENDA BILA KURUDI

Kijana mmoja mkubwa akasema: "Ustadh, mimi ningekubali kwenda hata kama hakuna kurudi." Hatukutaka swali hili lipite vivi hivi, kwani vijana wetu wamezoea kusikia kwamba ushujaa ni kujitupa.

Kampuni moja ya Uholanzi iitwayo Mars One ilitangaza mpango wa kupeleka watu Mirihi wakakae huko moja kwa moja, pasi na njia ya kuwarudisha. Mwaka 2014 mamlaka ya mambo ya Kiislamu ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitoa fatwa kwamba safari ya namna hiyo, isiyo na tamaa ya kuishi, haijuzu, kwani ni sawa na mtu kujiua. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2019 bila kumpeleka yeyote. Zingatieni kwamba nchi iliyotoa fatwa hiyo ndiyo iliyotuma Al-Amal. Haikukataza elimu ya Mirihi. Ilikataza kuitupa roho, ambayo ni amana ya Mwenyezi Mungu.

Kijana hakuridhika. "Mbona mabaharia wetu walikuwa wakiondoka bila kujua kama watarudi?"

Tulilipenda swali lake. Tukamjibu kwamba baharia alikuwa hajui, lakini alikuwa amejiandaa. Alikagua jahazi, alipakia maji, alisubiri msimu, alimuaga mkewe na kumwachia masurufu, kisha akatawakali. Tofauti ya kuhatarisha na kuangamia ni maandalizi na nia ya kurudi. Atakayekwenda Mirihi kwa maandalizi hayo, kwa ajili ya elimu yenye manufaa, huyo hatumlaumu. Anayekwenda kwa sababu amechoka na dunia, huyo tunamwambia: kaa nasi tuzungumze.

Na kwa wanaosema kwamba dunia imeharibika, basi tuihame, tunasema hivi. Hakuna jangwa wala kilele cha barafu katika dunia hii kigumu kuliko Mirihi. Hata pahali pabaya kabisa hapa pana hewa ya kuvuta, tena bure. Aliyeshindwa kuitunza nyumba yenye kila kitu hatafaulu katika nyumba isiyo na hata pumzi.

NASAHA

Wanafunzi wetu, ule moto aliouona babu yetu ukitoka baharini haukuwa muujiza wala uchawi. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga mitambo baharini ya kurushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kiliruka kutoka hapo chombo kilichoitwa Uhuru, cha kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Jina la Kiswahili liliandikwa katika vitabu vya elimu ya anga, na wavuvi wetu walikuwa wakitupa nyavu pembeni. Roketi ya mwisho iliruka hapo mwaka 1988. Tunajiuliza ni watoto wangapi wa pwani waliouliza wakati ule "kile ni nini?" wakaambiwa wanyamaze.

Wazazi wetu, mtoto akiuliza, msimuulize kwanza ameswali. Mjibuni, kisha mwulizeni ameswali.

Walimu wenzetu, kejeli ni fimbo isiyoacha alama mwilini. Tusiitumie. Na tukiitumia kwa bahati mbaya, tuombe radhi pale pale tulipokosea, mbele ya wale wale.

Ama binti yetu, alama zake za mwaka huu zimo kurasa za nyuma pamoja na za wenzake, na hatutamtaja. Tunaandika tu kwamba bado hatujalipata jibu la swali lake la mwezi mwandamo, naye kila Alkhamisi hutuuliza kama tumelipata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atusamehe tuliyoyasema bila elimu, na awahifadhi watoto wetu hapa na popote watakapofika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.